Chumvi Ileile

Sabuni ya maji ndiyo iliyonilipia karo, kwa hivyo chumvi siidharau. Hapa Free Area tunasema "kupika sabuni" ingawa hakuna moto: ni Ungerol, maji, rangi na manukato, halafu mathe anatia chumvi kidogo kidogo akikoroga mpaka iwe nzito. Ikizidi, inarudi kuwa majimaji. Hayo aliyajua kabla mimi sijasikia neno ayoni.

Sasa anataka kuingia kwa shampuu. Alichukua pesa zake za chama akanunua polima ya kulainisha nywele kwenye duka la kemikali tauni. Swali lake kwangu lilikuwa moja tu: "Hii nayo nitie chumvi kama kawaida?"

Nikaona heri nimwonyeshe. Nilichukua jelatini ya watu wa keki, na gundi ya mgunga, ile inayotoka Isiolo, Samburu na Turkana. Kila moja niliiyeyusha kivyake kwa maji ya vuguvugu, nikazichanganya, nikadondosha siki. Glasi ikageuka nyeupe kama maziwa. Hizi mbili ni polima, yaani molekuli ndefu kama uzi wa shanga. Gundi ina chaji hasi. Jelatini, siki ikiingia, inapata chaji chanya. Zinashikana, zinajitenga na maji kwa vitone vidogo. Waholanzi wawili, Bungenberg de Jong na Kruyt, waliipa hali hiyo jina mwaka 1929: koasevesheni. Miaka ya 1950, kampuni ya NCR ya Marekani ilitumia vitone hivyo kufungia rangi ndani ya karatasi za kunakili zisizohitaji kaboni. Kitabu cha risiti cha hadwea kina babu yake hapo.

Halafu nikatia nusu kijiko cha chumvi, nikakoroga. Weupe ukaisha.

"Chumvi ileile?" mathe akauliza.

Ileile. Kila polima hutembea na msafara wa ayoni ndogo. Mbili zikishikana, msafara unaachiliwa uzurure majini, na uhuru huo ndio sehemu kubwa ya nguvu inayoziunganisha. Maji yakishajaa chumvi, kuachilia ayoni chache zaidi hakuna faida, na chaji zenyewe zimefunikwa, hazionani vizuri.

"Mbona kwa beseni langu inashikanisha?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa chuoni, kusema kweli. Molekuli za sabuni zote ni hasi, zinasukumana. Chumvi inafunika huko kusukumana, zinabanana, zinakuwa nyuzi ndefu zinazosokotana. Kwa glasi ilifunika kuvutana. Chumvi inafunika chaji tu, iwe ya kuvuta au ya kusukuma.

Na hiyo polima yake ni chanya. Shampuu inafanya kazi wakati wa kusuuza: polima na sabuni zinashikana, zinaganda kwa nywele, zinalainisha. Chumvi ikiwa nyingi, zinaweza kukosa kushikana, zote zikaenda na maji. Ila bila chumvi kabisa shampuu inamwagika kama chai, na hiyo pia hakuna atakayeinunua.

Tumepika chupa tatu: chumvi kidogo, ya wastani, na ile ya mkono wa mathe. Jumamosi zinaenda saluni, bila kusema ipi ni ipi. Mathe ameshaanza kupiga hesabu ya bei ya chupa ya tatu.