Rafiki wa safari hafichwi ugonjwa

Watu wakipanga safari huulizana nauli, nguo za kubeba na nani ataleta chakula. Wachache huulizana swali ambalo lingefaa kutangulia yote hayo: wewe mwenzangu unaumwa nini, na unameza dawa gani?

Wanawake wawili wa Kitanzania wanaoishi Dallas, jimbo la Texas nchini Marekani, hawakuulizana. Walijuana kidato cha kwanza katika shule ya bweni, mmoja kitanda cha juu na mwingine cha chini. Wamesimamiana harusi, wamelea watoto pamoja ugenini, na kila mmoja angeapa kwamba anamjua mwenzake nje ndani. Majina yao wameomba yasitajwe. Mmoja kwao ni Moshi na mwingine Tanga, basi hapa wataitwa kwa miji yao.

Wazo la safari lilikuwa la Moshi. Alikulia akiuona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi, lakini hakuwahi kuupanda.

“Wazungu walikuwa wanatoka kwao kuja kuupanda, sisi tunauangalia tukienda kukata majani ya ng’ombe,” anasema.

Alipotimiza miaka 40 alijiwekea nadhiri kwamba mwaka huo hautaisha bila kupanda mlima wowote ule. Akachagua Guadalupe Peak, mlima mrefu kuliko yote katika jimbo la Texas, wenye mita 2,667. Kwa anayeijua njia ya Marangu, urefu huo ni karibu sawa na pale kwenye vibanda vya Mandara. Si mlima wa kutisha, ila upo jangwani.

Walichukua likizo ya siku tano mwezi Mei. Wangeanza na Hifadhi ya Taifa ya Big Bend, mpakani na Mexico, kisha wapande kaskazini hadi Hifadhi ya Taifa ya Guadalupe Mountains. Walibeba hema, jiko dogo la gesi, unga wa sembe, dagaa, korosho za chumvi, na kanga mbili ambazo Tanga hasafiri bila hizo.

Mkonge ugenini

Big Bend ni hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 3,200, iliyoanzishwa mwaka 1944. Chini kuna mto Rio Grande, ambao ng’ambo yake ni Mexico. Juu kuna milima ya Chisos, yenye miti na hewa ya ubaridi. Katikati ni jangwa la mawe na miiba. Mwezi Mei kule mtoni joto linaweza kupita nyuzi 38, ilhali mlimani mtu analala na sweta.

Usiku wa kwanza walilala Chisos. Hapo kuna dubu weusi, na kila aliyepiga hema anatakiwa kufungia chakula chake katika sanduku la chuma. Tanga aliwafungia dagaa wake huku akicheka kwamba dubu wa Marekani akionja dagaa wa Mwanza hataki tena kitu kingine.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, walikwenda kwenye korongo la Santa Elena, ambako mto unapita kati ya kuta za mawe zenye urefu wa mita 450 hivi. Njiani Tanga alisimama ghafla mbele ya mmea wenye majani manene, yaliyochongoka ncha kama sindano.

“Shoga, huu si mkonge huu?”

Ulikuwa ndugu yake mkonge. Mimea ya jamii hiyo imejaa katika jangwa hilo linaloanzia Mexico. Mkonge wenyewe asili yake ni Mexico, nao uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Tanga, ambaye babu yake alikuwa mkata mkonge, alipiga picha kumi za mmea ule na kumtumia kaka yake walipopata mtandao.

Chupa iliyorudi imejaa

Alasiri walipanda njia moja fupi ya Chisos, kilomita nane hivi kwenda na kurudi. Jioni, wakiosha vyombo, Tanga aliona jambo. Chupa yake ya lita mbili ilikuwa tupu. Ya Moshi ilikuwa imepungua vidole viwili tu.

“Wewe hunywi maji?”

“Sina kiu.”

Hifadhi za jangwani za Marekani huwashauri wageni wabebe karibu lita nne za maji kwa kila mtu kwa siku. Sababu inaeleweka. Hewa ya jangwani ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujalihisi. Mtu aliyezoea Dar es Salaam au Tanga hujua anatoka jasho kwa kuona nguo imelowa. Jangwani nguo inabaki kavu, huku maji na chumvi vinaendelea kutoka mwilini. Kusubiri kiu ni kuchelewa.

Lakini Moshi alikuwa na sababu zake, na ya kwanza wanawake wengi wataielewa bila kuambiwa. Kwenye njia za milimani hakuna vyoo, vichaka ni vya magotini, na watu wanapita kila mara. Hakutaka kuchimba dawa hadharani. Njia rahisi ikawa kutokunywa.

Sababu ya pili aliificha ndani ya mfuko mdogo wa vipodozi. Kila alfajiri, kabla Tanga hajaamka, alitoka nje ya hema na kumeza vidonge viwili. Tanga alidhani mwenzake anatoka kusali.

Siku ya tatu, walipokuwa wanapakia gari kwenda Guadalupe, Moshi aliinama kufunga begi, akainuka, akashika mlango wa gari na kufumba macho kwa muda. Alipoulizwa alisema ni njaa.

Kilomita moja na nusu

Hifadhi ya Guadalupe Mountains ilifunguliwa mwaka 1972. Milima yake ni mabaki ya mwamba uliojengwa na viumbe vya baharini zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wakati eneo hilo lilipokuwa chini ya bahari. Tanga aliposoma hayo kwenye bango alisema amesafiri kutoka pwani mpaka Texas kuja kupanda mwamba wa bahari.

Njia ya kwenda kileleni ni kilomita 13 na nusu hivi kwenda na kurudi, na mtu anapanda zaidi ya mita 900. Kwa kawaida huchukua saa sita hadi nane. Maji yanajazwa chini kambini, njiani hakuna hata tone. Walianza kutembea saa 12 asubuhi, kila mmoja na lita tatu mgongoni.

Sehemu ya kwanza ni mwinuko mkali usio na kivuli. Walipita salama. Wakaingia kwenye misonobari upande wa pili wa mlima, wakapumzika, wakaendelea. Mnamo saa 4, ikiwa imebaki kama kilomita moja na nusu, Moshi alianza kukaa kila baada ya hatua chache. Kichwa kilimgonga, nyama za miguu zikakaza. Alijaribu kula korosho, akatapika. Aliposimama alipepesuka, na pembeni mwa njia palikuwa na mteremko wa mawe.

Tanga alimkalisha, akachukua chupa zake na kuzipima kwa macho. Katika lita tatu, hakuwa amemaliza hata moja.

“Kuna kitu hujaniambia,” alisema.

“Nina presha. Mwaka wa pili sasa. Asubuhi nimemeza dawa, na moja ni ile ya kutoa maji mwilini.”

Tanga hakujibu. Alimvuta chini ya msonobari, akamlaza na kuinua miguu yake juu ya begi. Alilegeza nguo zake, akalowesha kanga na kumfunika shingo na kifua. Kisha akachanganya pakiti ya ORS, ile ile anayopewa mtoto anayeharisha, akamnywesha kidogo kidogo. Alikuwa amezibeba pakiti hizo kwa sababu alizoea kuzibeba tangu watoto wake walipokuwa wadogo. Alijaribu simu, hakukuwa na mtandao.

Baada ya nusu saa Moshi alikaa, rangi imerudi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akishuka aliwaambia wajikaze, kilele ni dakika 40 tu. Moshi akaanza kufunga kamba za viatu.

“Siwezi kufika hapa halafu nirudi.”

“Kilele ni nusu ya safari,” Tanga alimwambia. “Tukifika juu, utashuka kwa miguu ya nani?”

Walibishana pale kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kubishana katika miaka 27. Moshi alilia. Alitaja umri wake, alitaja Kilimanjaro, alisema Tanga amezoea kuamua kila kitu. Tanga alivaa mabegi yote mawili, moja mgongoni na jingine kifuani, akaanza kushuka taratibu, akisimama kila baada ya hatua kumi kuangalia nyuma. Moshi akamfuata.

Vidonge chini ya godoro

Kushuka kuliwachukua zaidi ya saa nne. Usiku kulikuwa na upepo uliotikisa hema, na moto wa kuni hauruhusiwi katika hifadhi hiyo, kwa hiyo walikaa ndani gizani. Ndipo Moshi alipoeleza kwa nini alificha. Mama yake Tanga alifariki kwa kiharusi, na Moshi ndiye aliyekesha naye msibani.

“Niliogopa ungeanza kuniangalia kama unavyomkumbuka mama yako,” alisema.

“Mama naye alituficha,” Tanga alijibu. “Vidonge tulivikuta chini ya godoro, baada ya mazishi. Vingi hakuwa amevimeza. Miaka yote najiuliza, angetuambia tungefanya nini. Na wewe ulitaka uniachie swali hilo hilo.”

Moshi anasema sentensi hiyo ilimuuma kuliko kurudi bila kufika kileleni. Alidhani kwa kunyamaza anamlinda mwenzake. Kumbe alimnyima nafasi ya kumsaidia mapema, siku ile ya kwanza alipoiona chupa iliyojaa.

Waliporudi Dallas alikwenda kwa daktari wake na kumweleza yote. Daktari hakumzuia kupanda milima. Alimweleza kwamba dawa za kuongeza mkojo huondoa maji na chumvi, na baadhi ya dawa nyingine za presha hupunguza uwezo wa mwili kujirekebisha mtu anapopungukiwa na maji. Ukiongeza jua, mwinuko na kutokunywa, presha inaweza kushuka ghafla. Alimwonya pia asije akaacha dawa kwa sababu ya safari, maana hilo nalo ni hatari. Kinachotakiwa ni kumwona daktari kabla ya kuondoka, ili yeye aamue kama dozi au saa za kumeza zibadilishwe.

Kabla hamjaondoka

Si lazima uende Texas ili somo hili likuhusu. Kuna vikundi vya marafiki wanaokwenda Kilimanjaro, Meru, Usambara au Oldoinyo Lengai, ambako jua na mwinuko havimsubiri mtu. Wengi wako katika umri ambao presha na kisukari huanza kimya kimya.

Kaeni mwambiane ukweli kabla ya kulipa. Kila mmoja aandike majina ya dawa zake na namba ya ndugu wa karibu, na karatasi hiyo ikae kwenye begi la mwenzake. Kunyweni kidogo kidogo njia nzima, na kuleni kitu chenye chumvi, maana maji matupu mengi mno bila chumvi nayo yana madhara. Kubalianeni mapema kwamba nusu ya maji ikiisha mnageuka, hata kama kilele kinaonekana. Na suala la kuchimba dawa lisiwe aibu. Kanga moja iliyoshikwa na rafiki inatosha kuwa choo.

Mwenzako akiumwa kichwa, akapata kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, mpeleke kivulini, mpoze, mnyweshe na msitishe safari. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au akizimia, usimnyweshe kitu. Hiyo ni dharura, endelea kumpoza na utafute msaada mara moja.

Moshi na Tanga wamepanga kurudi Guadalupe mwezi Novemba, jua likiwa limepungua. Safari hii Moshi atameza dawa zake mbele ya mwenzake. Tanga ameshasema hatasubiri kuambiwa kuhusu maji. Kila watakaposimama kupumzika, ataishika chupa ya Moshi na kuitikisa.