Njiti Anapofika Darasa la Kwanza

Watoto wanaoletwa kliniki yetu kwa kubanwa kifua ni wengi, na kila mmoja simwachi mama yake aondoke kabla sijamuuliza: ulijifungua mimba ikiwa na wiki ngapi? Wengi hunishangaa. Mtoto ana miaka sita, amevaa sare ya darasa la kwanza, kinachosumbua ni kikohozi cha usiku na kifua kinachopiga miluzi akicheza mpira. Habari za uzazi zimeingiaje hapo? Mama mmoja alinijibu, "Sista, hayo ya zamani. Alikuwa njiti, lakini alishapona."

Nilifanya kazi wodi ya watoto njiti kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa wagonjwa wa nje, kwa hiyo neno "kupona" nalielewa. Mtoto anatoka wodini akiwa ananyonya vizuri na uzito unapanda, familia inashukuru Mungu, na inayo haki ya kushukuru. Ila mapafu yana ratiba yake. Ute unaozuia vifuko vya hewa visinywee na kugandamana huanza kutengenezwa karibu na wiki ya 24 ya mimba, na hutosheleza kwenye wiki ya 34 au 35. Vifuko vyenyewe huchanua kwa wingi kuanzia kama wiki ya 36, kisha huendelea kuongezeka miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Anayezaliwa wiki ya 28 amehamia nyumba ambayo fundi bado yuko juu ya paa. Ataishi humo, na ujenzi utaendelea, lakini hautakwenda kama ambavyo ungekwenda tumboni.

Halafu sisi wenyewe tunamwongezea mzigo, kwa sababu hatuna njia nyingine ya kumwokoa. Oksijeni nyingi na presha ya mashine huumiza mapafu machanga. Jambo hilo si jipya: William Northway na wenzake wa Stanford, Marekani, walilieleza mwaka 1967 kwa watoto waliokuwa wameunganishwa na mashine za kupumulia. Siku hizi tunatumia njia ya upole zaidi, mpira wa puani ambao mwisho wake umezamishwa kwenye chupa ya maji. Mapovu yakiendelea kutoka, unajua presha ipo. Oksijeni nayo tunaipima, tunaipunguza mara tu mtoto anapoweza. Hata hivyo, aliyekaa muda mrefu kwenye mashine ndiye ninayemtarajia zaidi kumwona tena kliniki, hasa akiwa wa kiume, na hasa kama baba au mama yake ana pumu.

Mwaka 2014 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti zenye watoto wapatao milioni 1.5. Kati ya waliozaliwa njiti, karibu 14 katika kila 100 walikuwa na pumu au kifua cha miluzi. Kwa waliotimiza miezi yao, walikuwa 8. Waliozaliwa kabla ya wiki 32 hatari yao ilikaribia mara tatu. Napenda kuzitaja namba hizi kwa sababu zinasema mambo mawili kwa pamoja: hatari ipo, na njiti wengi hawapati pumu kabisa. Mzazi asiyesikia la pili atamfungia mtoto ndani, asikimbie wala asicheze, na hilo nalo ni ugonjwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi: jiko la mkaa.

Wodini tunawahubiria akina mama kuhusu baridi. Njiti akipoa, anakufa. Tunalisema asubuhi, tunalirudia jioni, mpaka siku ya ruhusa. Mama akifika nyumbani, bibi anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili na upendo angefanya baada ya kusikia hivyo: anafunga madirisha, anaziba upenyo wa chini ya mlango kwa khanga kuukuu, anaingiza jiko la mkaa chumbani. Huku Pwani mzazi anakaa ndani siku arobaini, kwa hiyo juu ya mkaa huo huwekwa na ubani, na jioni inawashwa dawa ya mbu ya kuchoma. Nimewahi kwenda kumtembelea mtoto wa namna hiyo nikatokwa machozi kwa moshi kabla sijaketi. Yeye alikuwa amelala kitandani, hatua mbili kutoka kwenye jiko hilo, akivuta pumzi za haraka haraka kwa mapafu ambayo bado yanajengwa. Moshi huyachubua mapafu hayo, na mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa pia gesi ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua wote waliolala humo.

Kumwambia bibi "acha" hakusaidii. Ukimwondolea jiko lazima umpe kitu kingine cha kumpa mtoto joto, na kitu hicho tunacho: kifua cha mama. Mtoto avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe katikati ya matiti, afungwe kwa kitenge, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa robo. Mama akichoka, baba au bibi mwenyewe anaweza kumbeba. Nimeona bibi aliyekuwa mkali kama pilipili akilegea pale alipofungiwa mjukuu kifuani. Hakulitaja jiko tena.

Sigara ya baba ni ile ile hata akiivutia uani, maana anarudi nayo kwenye shati. Nalisema mbele yake, siyo kwa mama peke yake.

Mafua nayo yasidharauliwe. Kirusi kinachoitwa RSV, ambacho kwa mtu mzima ni kamasi za siku chache, kwa njiti wa miezi mitatu kinaweza kumrudisha kwenye oksijeni, na waliougua hivyo ndio wengi wao huendelea na miluzi kifuani. Wageni wanaokuja kumwona mtoto na kumbusu wanaweza kuambiwa kwa heshima kwamba watambusu mwezi ujao.

Kliniki nako kuna shida yake. Uzito wa kuzaliwa upo kwenye kadi, wiki za mimba mara nyingi hazipo, na mtoto akivuka miaka mitano kadi yenyewe hupotea. Kila akibanwa anaandikiwa amoksilini kwa ajili ya nimonia, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Si kila mluzi ni pumu, na kwa mtoto mdogo hata daktari bingwa huwa hana haraka ya kuipa jina. Lakini nimonia inayorudi kila mvua zikianza inataka maswali, haitaki chupa nyingine ya dawa.

Pumu ikithibitishwa, dawa ya kuvuta ni bora kuliko ya kunywa, na wala haimfanyi mtoto kuwa teja wala kumdhoofisha moyo kama mtaani wanavyosema. Kama hakuna kifaa cha kuvutia, chupa ya maji ya nusu lita inatosha: kitako kinatobolewa kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa dawa bila kuvuja, mtoto anavuta kupitia shingo ya chupa. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walilithibitisha hilo mwaka 1999.

Mzazi, kama mwanao alizaliwa kabla ya wiki 37, litaje hilo kila anapoletwa kwa kifua, hata akiwa na miaka kumi, hata kama hakuna aliyekuuliza.