Begi la Nani?

Mimi na rafiki yangu tumekodi chumba Moshi, tukaweka cherehani mbili na meza ya kukatia. Tunabuni mabegi ya mlimani. Kila mtu anatwambia tumshonee mgeni, maana ndiye mwenye hela. Sawa, lakini anayebeba ni mpagazi. Kwenye Kilimanjaro mzigo wake una kikomo cha kilo 20, na mara nyingi anauweka kichwani au shingoni. Basi tumeanza na mikanda ya kulifunga begi la mgeni mgongoni, mmoja mpana wa kiunoni, ili uzito ushukie nyongani. Mpagazi hawezi kuinunua, kwa hiyo tunapiga hodi kwa wenye kampuni za utalii. Wakikataa wote, kodi itatushinda.