Nyumba na Hori: Kuhusu Simulizi Mbili za Kuzaliwa kwa Yesu

Mathayo anawaingiza mamajusi nyumbani. Luka anawapeleka wachungaji horini. Tofauti hii ndogo inatufungulia nyingine kubwa zaidi. Katika Injili ya Mathayo malaika humjia Yusufu ndotoni, Herode anawaua watoto, na familia inakimbilia Misri. Nazareti inatajwa mwishoni, kama mahali pa kujisitiri. Kwa Luka malaika anamwendea Mariamu, na Nazareti ndiko nyumbani tangu mwanzo. Safari ya Bethlehemu inaletwa na amri ya kuhesabiwa, na baada ya ibada ya Hekaluni familia inarejea kwao kwa amani. Hata nasaba hazipatani: babake Yusufu ni Yakobo kwa Mathayo, na Eli kwa Luka.

Mimi huzisoma simulizi hizi nikiwa na nafsi mbili: ya muumini aliyezipokea kabla ya kujua kusoma, na ya mhakiki ambaye kazi yake ni kudadisi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, pasipo dhihaka yoyote, ikiwa simulizi hizi hazipatani, nyanyake aliyefariki akizitegemea alikuwa ameshika nini. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa istilahi.

Wa kale walilijibu kwa kuoanisha. Katika karne ya 2 Tatian alizisuka Injili 4 kuwa simulizi moja, nayo ikasomwa makanisani huko Siria kwa vizazi kadhaa. Katika karne ya 3 Julius Africanus alieleza kwamba Yakobo na Eli walikuwa ndugu wa mama mmoja: Eli alikufa bila mtoto, Yakobo akamrithi mjane, na Yusufu akawa mwana wa mmoja kwa damu na wa mwingine kwa sheria. Msomaji atokaye katika jamii inayoijua desturi ya kurithi mjane hatastaajabu. Haifai, basi, kuwabeza waoanishaji. Walikuwa wakilinda kitu walichokithamini.

Hata hivyo, njia yao ina mipaka. Kwa kauli ya wanahistoria wengi, Herode alifariki mwaka 4 kabla ya Kristo, ilhali hesabu ya watu chini ya Kirenio, kama aielezavyo Josephus, ilifanyika mwaka 6 baada ya Kristo. Pengo la takriban miaka 10 halizibwi kwa ufasaha wa maneno.

Zaidi ya hayo, kuoanisha kuna gharama ya kifasihi. Tukiimwaga dhahabu ya mamajusi katika hori ya Luka, tunamnyima Luka jambo alilokusudia kulisema: kwamba wazazi hawa walitoa sadaka ya ndege wawili, ambayo Sheria iliwaruhusu wasioweza kumudu mwana-kondoo. Nasi tukiwaleta wachungaji wenye furaha katika nyumba ya Mathayo, tunaififisha hofu ya baba anayeamshwa usiku akimbie na mtoto. Simulizi ya tatu, ile ya maigizo ya Krismasi, haikuandikwa na yeyote kati ya wawili hao.

Lakini tuyatazame pia wanayokubaliana. Wahakiki wengi huona kwamba katika sehemu hizi hakuna aliyemnakili mwenzake. Licha ya hayo, wote wawili wanamtaja Mariamu na Yusufu wa ukoo wa Daudi, mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, jina lililotolewa na malaika, Bethlehemu ya kuzaliwa na Nazareti ya kukulia, katika zama za Herode. Yamkini kila mmoja alipokea mapokeo yaliyomtangulia, akayasimulia kwa ajili ya hadhira yake.

Upatanisho ninaouona wa haki, basi, ni kuziacha simulizi zote mbili zisimame. Nyanya yule alishika mtoto aliyezaliwa katika umaskini, na mtoto aliyewindwa na mfalme. Hakulazimika kuchagua mmoja, wala mjukuu wake halazimiki.