Kesi ya London Huanzia Zahanati

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika vijiji vinavyopakana na migodi ya Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya watu: kijana aliyepigwa risasi akiokota magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi, mjane wake asipopona, mama aliyeamka akakuta uzio umepita katikati ya shamba lake. Sitaji mgodi wowote ambao nimefanya kazi hiyo kando yake, kwa kuwa watu hao bado wanaishi palepale. Ninachojua ni kwamba kampuni kubwa ya kigeni huponyoka mapema mno, wiki ile ya kwanza, kabla wakili yeyote hajasikia habari. Na mara nyingi huponyokea kwenye karatasi moja tu: fomu ya polisi ya PF3.

Msomaji wa Tanzania anaijua. Kwa utaratibu uliozoeleka, mtu aliyejeruhiwa huichukua polisi, akaenda nayo hospitali, daktari akaijaza, ikarudi polisi. Sasa chukulia kwamba wanaolinda mgodi ni polisi wa wilaya ileile. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini hakumpeleka mwanawe kituoni. Akanitazama kwa mshangao: "Mwanangu, hiyo PF3 nikaiombe kwa nani? Kwa haohao?" Kijana alishonwa usiku, nyuma ya duka la dawa, na hakuna aliyeandika lolote. Kovu la pajani analo hadi leo, lakini kovu halina tarehe. Mawakili wa kampuni watauliza alijeruhiwa lini, wapi, akatibiwa na nani, na mbele ya jaji hatakuwa na cha kuonyesha.

Watu wengi vijijini huamini kwamba kesi ikishafika Ulaya, mambo yote hubadilika. Hubadilika kidogo tu. Mahakama ya Uingereza inaposikiliza madai ya namna hii, sheria inayotumika kwa kawaida ni ya nchi yalikotokea madhara, pamoja na ukomo wake wa muda. Kwetu, madai ya fidia ya madhara yana miaka mitatu. Mtu aliyelazwa, akauza ng'ombe ili alipie matibabu, akahamia kwa shemeji yake, miaka mitatu humpita kama mchana mmoja.

Na kuna ofisi ya malalamiko ya kampuni, ambayo nayo hula muda. Unaandikisha shauri, unaitwa, unarudishwa, hatimaye unaletewa makubaliano: pesa kidogo, na kifungu kinachosema hutashtaki tena popote. Nimewasomea watu vifungu hivyo baada ya wao kuweka dole gumba. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011, kazi iliyoongozwa na John Ruggie, ziko wazi: taratibu za malalamiko za kampuni zisitumike kumfungia mtu mlango wa mahakama. Lakini kanuni hizo hazina nguvu ya sheria, na anayeketi peke yake mbele ya meza ya kampuni hajapata kuzisikia.

Milango ya nje ipo, tena imefunguliwa na Waafrika wenzetu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, kuishtaki kampuni ya Vedanta jijini London kwa madai kwamba mgodi wa shaba ulichafua maji yao. Mwaka 2021 watu wa Ogale na Bille kutoka Niger Delta wakaruhusiwa vivyo hivyo dhidi ya Shell. Katika kesi hizo zote mbili, hoja kubwa ilikuwa kama kampuni mama ndiyo iliyokuwa ikisimamia shughuli za kampuni tanzu, na nyaraka zake yenyewe kuhusu usalama na mazingira zilitumika kama ushahidi dhidi yake. Tangu niliposoma hukumu hizo, nawaambia watu watunze kila kipeperushi, kila barua yenye nembo ya makao makuu, na wapige picha kila bango la getini.

Milango mingine hufungwa. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Unilever kule Kericho, Kenya, waliovamiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, walishindwa London mwaka 2018 kuiunganisha kampuni mama na shauri lao. Kesi ya mgodi wa North Mara, wa hapa Tanzania, iliyofunguliwa London mwaka 2013 ilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Nyingine ya mgodi huohuo, iliyopelekwa Kanada, ilikataliwa Ontario mwaka 2024, jaji akiona kwamba mahali pake ni Tanzania. Mimi pia ningependa ziamuliwe hapa. Ila msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, na wakili wa kupambana na kampuni ya namna hiyo anahitaji fedha ambazo vijiji vyetu havina.

Kwa hiyo narudi zahanati. Wizara ya Afya ingeweza kuagiza kesho kwamba kila jeraha liandikwe na mhudumu bila kungoja fomu ya polisi, na nakala abaki nayo mgonjwa. Kwa kuwa hilo halijafanyika, tunatumia daftari la shilingi mia chache ambalo mgonjwa huja nalo. Tunamwomba muuguzi aandike alichokiona: tarehe, saa, sehemu ya mwili, aina ya jeraha, na jina lake mwenyewe, kisha agonge muhuri.