Mti wa ukoo ulivyotupeleka Nzuguni

Mwanangu wa darasa la sita alirudi na kazi ya likizo: chora mti wa ukoo wenu, vizazi vinne. Upande wa baba yake tulimaliza jioni moja. Upande wangu niliandika jina la mama, nikaandika la bibi aliyemzaa mama, kisha kalamu ikakwama. Wazazi wa bibi walikuwa nani? Nikampigia mama simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Njooni. Hayo hayasemwi kwenye simu."

Tulishuka stendi kuu ya Nzuguni alasiri. Watu wa mbali wanaijua Nzuguni kwa maonyesho ya Nanenane, na sasa kwa stendi hii na Soko la Job Ndugai. Mimi naikumbuka kwa mashamba ya uwele na vumbi la ng'ombe wakirudi zizini. Bajaji ilitupitisha kati ya kuta mpya na mabango ya viwanja vinavyouzwa, hadi nilishindwa kumwelekeza dereva nyumbani kwetu.

Mama, mwenye miaka 81, alitupokea kwa "Mbukwenyi!" Mjukuu akajibu, "Shikamoo, Bibi." Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Vyombo vilipotolewa, mama akaanza.

Bibi yangu hakuzaliwa Nzuguni. Aliletwa akiwa na miaka kama sita, wakati wa Mtunya.

Mzazi mwenzangu, kama hukulelewa Ugogo huenda hujalisikia neno hilo. Ni njaa kubwa iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, hasa mwaka 1918 hadi 1920. Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Mvua nazo zikakosa. Makadirio yanayotajwa ni kwamba watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo walikufa. Wengine walifuata reli, iliyofika Dodoma mwaka 1910, wakashuka Kilosa na Morogoro kutafuta chakula. Wapo waliowaacha watoto wao kwa wenye akiba, wakapewa nafaka.

Baba yake bibi alichukuliwa upagazi, hakurudi. Mama yake alitembea naye kutoka upande wa Mvumi, mgongoni kabeba mtoto mchanga. Alimwacha bibi kwenye boma moja lililokuwa bado na ng'ombe wa maziwa, akapewa vibaba vichache vya uwele. Alisema atarudi mvua zikinyesha. Akaelekea relini. Mvua zilinyesha, yeye hakuonekana tena.

Boma lile lilimlea bibi na kumwoza kama binti yao. Ukoo ambao miaka yote tumesema ni wa bibi ni wa watu hao.

"Mbona hukutuambia?" nikauliza.

"Nikiwa mdogo, mwenzangu aliniambia kisimani kwamba mama yangu ni mtoto wa kununuliwa. Sikutaka nanyi mwambiwe hivyo."

Mwanangu akauliza, "Bibi, yeye hakumtafuta mama yake?"

Mama alichukua muda kujibu. "Kila alipokwenda mjini kuuza karanga alipita stesheni. Hakuwa na safari. Alikaa tu akitazama wanaoshuka. Alifanya hivyo hata alipokuwa na wajukuu."

Asubuhi tulikwenda kaburini. Ni tuta la mawe chini ya mbuyu, na upande mmoja ukuta wa jirani umeshalikaribia. Mama alimwonyesha mjukuu jiwe la kichwani. Niliona aibu. Miaka arobaini na mitano nimepita hapo na sikuwahi kuuliza.

Wazazi wenzangu, msisubiri kazi ya shule. Ukiwa na mzee, kaa naye wiki hii na umrekodi kwa simu hiyo hiyo unayosomea ukurasa huu. Usimuulize mwaka, muulize ilikuwa njaa gani, au kabla ya kuhamishiwa vijijini au baada. Muulize peke yake kwanza, maana mengine yana aibu. Kama familia ilibatizwa mapema, ulizia vitabu vya ubatizo kanisani. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876. Na ukikipata kitabu cha Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954, kisome na watoto.

Mwanangu aliuchora mti wake mezani kwa bibi yake. Juu ya jina la bibi yangu aliweka visanduku vya pande mbili: waliomlea, wenye majina, na waliomzaa, vitupu. Nilimwambia mwalimu huenda akakata alama.

"Akate," akasema mama. "Usivifute."