Kutafuta Ukoo Katika Mji wa Kisangani

Msafiri apandaye mto Kongo kutoka Kinshasa huutambua mji wa Kisangani kwa jambo moja: hapo ndipo merikebu husimama. Mbele yake yako maporomoko saba ya Boyoma, ambayo zamani Wazungu waliyaita kwa jina la Stanley, wala chombo kikubwa hakiwezi kuyapita. Yeye aliyetaka kuendelea hadi Ubundu alijengewa reli ya kilometa 125, iliyofunguliwa mwaka 1906. Hivyo kila aliyepanda na kila aliyeshuka alipaswa kulala Kisangani, na wengi waliolala hawakuondoka tena.

Ndiyo sababu mji huu umejaa watu wa kila asili. Wako Wagenya, wavuvi wa maporomoko, ambao hata leo hushusha madema yao makubwa kutoka katika milingoti iliyosimikwa kati ya mawe, maji yakinguruma chini ya miguu yao. Wako Walokele wa mtoni, upande wa Isangi. Wako Wakumu, Wambole, Walengola, Waturumbu, Watopoke na Waboa. Na wako wazao wa watu wa Manyema, waliofika pamoja na Waarabu wa Unguja zamani za Tippu Tip, aliyefanywa wali wa mahali hapa katika mwaka 1887. Sokoni Kiswahili na Kilingala huchanganyika hata mgeni asijue kipi kimeanza na kipi kimemaliza. Mtoto humwita bibi yake koko, na mjomba wake humwita noko, awe wa kabila lolote.

Basi katika mji kama huo, ukimwuliza kijana habari za ukoo wake, atakutajia kabila, kisha atanyamaza. Baba yake amfahamu, babu yake labda. Zaidi ya hapo ni giza. Wala tusimlaumu upesi. Vita vya mwaka 1964 viliwatawanya jamaa nyingi, na tena maasi ya askari ya miaka ya 1966 na 1967. Katika mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana siku sita ndani ya mji huu, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu wasiohusika. Mtu akimbiaye hubeba mtoto na sufuria. Sanduku la barua na picha huachwa.

Tena liko jambo la majina. Katika nchi ya Kongo mtoto si lazima achukue jina la baba yake. Watoto sita wa tumbo moja waweza kuwa na majina sita, kila mmoja amepewa la mzee fulani. Kisha mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikakataza majina ya Kikristu. Aliyebatizwa Yosefu akaandikwa ofisini kwa jina jingine, na wajukuu wake wakamjua kwa hilo tu. Baada ya mwaka 1990 majina ya Ubatizo yakarudi waziwazi, lakini karatasi za miaka ile kumi na minane zimebaki kama zilivyo. Atafutaye mtu mmoja hana budi kutafuta majina mawili au matatu.

Katika komini ya Mangobo nilipata kuhudhuria mikutano ya watu waliokusudia kuliondoa giza hilo. Haikuwa chama chenye bendera na kadi. Ilikuwa jumuiya ndogo ya parokia, nyumba chache za avenyu moja, kwa namna ile ambayo maaskofu wa Kongo waliitaka tangu mwaka 1961. Jumapili baada ya Misa na chakula cha mchana (lituma ya ndizi kwa samaki, ambayo mgeni akiionja mara moja huitafuta tena) walikaa chini ya mwembe. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mkali kidogo, mwenye daftari la mistari na kalamu mbili, moja nyeusi na moja nyekundu.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kila Jumapili mtu mmoja alieleza watu wake: baba, mama, mama wa baba, mama wa mama, na kuendelea hadi alipokwama. Wengine walisikiliza, kisha wakauliza. Mwalimu aliandika kwa wino mweusi lile lililoshuhudiwa na watu wawili au na karatasi, na kwa wino mwekundu lile lililosemwa na mmoja tu. Mtu akisema, “Koko wangu alizaliwa zamani sana,” mzee hakukubali. Aliuliza: Je, alikuwa ameolewa Mfalme Baudouin alipokuja, mwaka 1955? Alikuwa na mtoto mgongoni Lumumba alipokamatwa hapa mjini, mwaka 1959? Reli ilikuwa imefika? Kwa maswali kama hayo bibi asiyejua hata mwaka wake mwenyewe alipata kuwapangia wanawe wote saba kwa utaratibu wa miaka.

Nilistaajabia hasa jinsi walivyowaheshimu wanawake katika kazi hiyo. Wanaume hujua orodha ya baba na babu. Huikariri kama litania. Lakini nani alinyonyeshwa na nani, nani aliletwa utotoni kutoka nyumba nyingine, nani alizaliwa kabla ya ndoa, hayo yanajulikana jikoni. Asemaye peke yake huweza kuupamba ukoo wake apendavyo. Akisema mbele ya shangazi yake, hupunguza.

Basi lilitokea jambo lililoifanya mikutano hiyo isiwe tena ya kujifurahisha. Kijana mmoja wa Kilokele alitaka kumwoa binti wa avenyu hiyo hiyo. Mahari ilikuwa imezungumzwa, na matangazo ya ndoa yalingojea tu kusomwa kanisani. Jumapili ile ilikuwa zamu ya upande wa kijana, naye baba yake, katika kumweleza marehemu mzazi wake, alilitaja jina lake la ngoma.

Yafaa nieleze. Lugha ya Walokele husemwa kwa sauti za juu na za chini, na zamani ngoma ya gogo, yenye midomo miwili, iliweza kuzifuata sauti hizo na kupeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji kando ya mto. Mmisionari wa Kibatisti, John Carrington, aliyekaa miaka mingi Yakusu na Yalemba, aliandika kitabu juu ya ngoma hizo, kikatoka mwaka 1949. Kila mtu alikuwa na jina lake la kupigiwa: kwanza jina lake mwenyewe, pili la baba yake, tatu la kijiji cha mama yake. Siku hizi ngoma hizo hazisikiki kama zamani, lakini wazee bado huyakumbuka majina. Kumbe jina la ngoma ni ukurasa wa kitabu cha ukoo, uliotundikwa hewani, na mama hakusahauliwa ndani yake!

Kijiji kile kilipotajwa, bibi wa binti, mwenye miaka themanini na zaidi, aliinua kichwa akasema, “Hicho ni kijiji cha mama yangu.”

Watu wakanyamaza. Maana ikiwa wale wanawake wawili, mama wa babu ya kijana na mama wa bibi ya binti, walikuwa ndugu, vijana hawa ni damu moja. Padre aliulizwa, akajibu kwa utulivu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1091, huzuia ndoa ya ndugu wa ubavuni hadi daraja la nne, yaani watoto wa ndugu wawili. Na sheria ya kabla yake iliwazuia hata wajukuu wa ndugu wawili. Hawa, wakiwa ni vitukuu vya ndugu, wapo daraja la nane, Kanisa haliwazuii. Lakini wazee wa pande zote mbili walisema kwamba desturi haihesabu madaraja. Mahali damu inapojulikana, watu hawaoani. Na wakioana, kila mtoto atakayeugua wataambiwa ni kwa sababu hiyo. Binti alilia waziwazi. Kijana aliondoka bila kuaga.

Tena palikuwa na neno zito zaidi. Jamaa ya binti walijiita watu wa Manyema. Yule mama aliyetoka kijiji cha Kilokele alifikaje kwao? Nyumbani habari hiyo haikusemwa kamwe, nasi tunajua kwa nini. Padre Gabriel Grison na Mapadre wa Moyo Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, vita vya Waarabu vilikuwa vimekwisha miaka michache tu, na misioni za kwanza za Kongo zilipokea mayatima wengi na watoto waliokombolewa utumwani. Watu wengi huogopa kuufungua mlango huo, wakidhani watakuta aibu ya mababu zao. Mimi naona aibu ni ya waliouza.

Mwalimu hakukubali kuhukumu kwa hofu. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, parokia zimeagizwa kuandika ubatizo na ndoa. Kitabu cha ubatizo cha misioni aliyokulia yule mama kilipotea katika machafuko ya mwaka 1964. Hata hivyo mtu aoaye katika parokia nyingine hupeleka cheti cha ubatizo wake, na ndoa ikiisha fungwa habari hurudishwa ikaandikwe pembeni mwa jina lake kule alikobatizwa. Hivyo kitabu kimoja kikiungua, kingine chaweza kuwa na alama yake. Bibi alikumbuka kwamba baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Barua ikaandikwa kwa parokia moja ya njia ya Ubundu.

Hapo niseme neno kwa wasomaji wetu: vitabu hivyo si gazeti la kusomwa na kila apitaye. Padre huangalia mwenyewe na kutoa nakala ya yanayomhusu mwombaji, kwani yamo mambo ya watu walio hai. Kwa barua ya tarehe 5 Aprili 2008, idara ya Roma ishughulikiayo mapadre iliwataka maaskofu wasiwape Wamormoni wa Utah vitabu vya parokia kuvipiga picha, maana wao huwabatiza wafu kwa majina yapatikanayo humo. Hao ni hodari katika kukusanya nasaba, hata zile za kusimuliwa za Afrika, na ustadi wao wafaa kuigwa. Vitabu vyetu lakini vibaki mikononi mwetu.

Wakati wa kungoja jibu, mwalimu aliwasimulia habari ya Tippu Tip, aliyoieleza mwenyewe katika maisha yake. Alipofika Utetera kwa chifu Kasongo Rushie, alikuwa amekwisha sikia kwamba dada wa chifu alitekwa zamani. Akadai kuwa yeye ni mjukuu wa dada huyo. Mzee yule, kwa furaha ya kumwona wa damu yake, akamwachia utawala. Nchi nzima ikapatikana kwa nasaba ya uongo! Watu walicheka, lakini si wote. Tangu mwaka 2023 Wambole na Walengola wamepigana ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga na Ubundu, kwa ajili ya ardhi, na maelfu wamekimbilia mjini. Neno “mwenyeji” limekuwa kama panga. Katika mkutano wenyewe walikuwamo Mmbole na Mlengola, wamekaa mbali mbali. Mwalimu alitangaza kwamba daftari lake halitapelekwa mbele ya hakimu wala ofisi ya viwanja, na anayelitaka kwa kazi hiyo achukue jina lake aende nalo. Hakuna aliyechukua.

Jibu likaja baada ya majuma matano. Ndoa ya mwaka 1919: bibi arusi, aliyebatizwa mwaka 1908 akiwa na miaka kama minane, yatima, binti wa fulani, wa kijiji kile kile. Jina la baba lilikuwapo, limeandikwa vibaya lakini lasomeka. Upande wa kijana hapakuwa na karatasi. Ilibidi aitwe noko, mzee wa kijiji chenyewe, naye akaja kwa mtumbwi wa injini kutoka Isangi, siku mbili baada ya siku aliyoahidi.

Hawakumwambia jina lililo katika barua, mwalimu alikataza. Walimwomba kwanza ataje baba wa yule mama wa ukoo wa kijana. Akataja: silo. Wakamwuliza kama kijijini kulikuwa na mtu wa jina lile la pili. Akasema ndiyo, nyumba ya mwisho upande wa chini, watu wa nyumba nyingine kabisa. Walipotewa na binti mdogo wakati wa ugonjwa wa usingizi, na hadi leo katika kilio cha mazishi wanawake wa nyumba hiyo humwita kwa jina kati ya wafu wasiozikwa. Akalitaja jina hilo. Bibi wa binti alisimama, akashikwa mikono, akakaa tena. Lilikuwa jina alilopewa yeye mwenyewe alipozaliwa, ambalo hakupata kujua limetoka wapi.

Matangazo yalisomwa Jumapili iliyofuata. Mwalimu aliunakili ukurasa ule mara mbili kwa wino mweusi, na nakala moja ikasafiri na noko hadi nyumba ya mwisho upande wa chini, ndani ya sanduku la bati, pamoja na chumvi na sabuni.